Pampu ya hewa na unga wa bakteria kwenye bwawa la samaki: uzoefu wangu

Nafuga sato pamoja na kambale wachache nje kidogo ya mji wa Morogoro, katika mabwawa mawili ya udongo yanayopata maji ya mfereji. Kila bwawa lina ukubwa wa takribani mita za mraba 300, na kina chake kinafika mita moja na nusu upande wa kutolea maji. Tathmini hii inahusu vitu viwili nilivyouziwa kama dawa moja ya tope: pampu ya hewa ya umeme inayosukuma hewa hadi kwenye sahani za mpira zenye vitundu vidogo zilizolazwa chini ya maji, na unga wa bakteria wa manufaa unaouzwa kwa pakiti. Majina ya kibiashara ya pakiti siyataji, kwa kuwa nimetumia za watengenezaji tofauti na viini vilivyoandikwa kwenye lebo vilikuwa karibu vilevile: Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, wakati mwingine pamoja na vimeng'enya, yaani viini vinavyosaidia kuvunjavunja uchafu.

Kabla ya vifaa hivyo, hali ya bwawa la kwanza ilikuwa ile ambayo wafugaji wengi wanaijua. Samaki huhifadhi mwilini kiasi cha robo hadi theluthi tu ya naitrojeni iliyomo katika chakula, na inayobaki huishia majini kama kinyesi, amonia na chembe zisizoliwa, ambazo huungana na mwani uliokufa na udongo wa kingo unaoporomoka wakati wa masika. Upande wa kulishia, ukikanyaga, mguu ulizama kwenye tope jeusi na mapovu yenye harufu ya yai viza yalipanda juu. Weusi huo hutokana na chuma kilichoungana na salfa mahali pasipo na oksijeni, na harufu ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu, sato walikuwa wakitweta juu ya maji.

Nianze na pampu, kwa sababu ndiyo iliyoleta mabadiliko niliyoweza kuyaona kwa macho. Fundi aliyeifunga alisisitiza isiwashwe usiku kucha tangu siku ya kwanza, na ninamshukuru kwa hilo: maji ya chini yaliyokaa muda mrefu bila oksijeni, yakichanganywa ghafla na ya juu, hushusha oksijeni ya bwawa zima na kuamsha gesi iliyofichwa kwenye tope, na samaki wanaweza kufa kwa kile kilichokusudiwa kuwaokoa. Tulianza kwa muda mfupi wa mchana, jua likiwa kali na mwani ukitoa oksijeni yake, kisha tukaongeza taratibu. Sasa inafanya kazi zaidi kuanzia usiku wa manane hadi jua linapochomoza, kwa maana hapo mwani, samaki na tope lenyewe vyote vinavuta oksijeni na hakuna kinachoizalisha. Ikumbukwe pia kwamba maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 30, yakiwa yamelingana na hewa, hushika takribani miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita. Akiba ya maji ya joto ni ndogo na huisha mapema.

Harufu ndiyo iliyoondoka kwanza. Baadaye ngozi ya juu ya tope ilibadilika kutoka nyeusi kuwa ya kahawia, ingawa ukichimba kwa kidole bado ulikuta weusi chini yake. Ngozi hiyo nyembamba ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu inazuia gesi na amonia kupanda kutoka chini. Samaki wakaacha kutweta alfajiri, na chakula cha asubuhi kikawa kinaisha haraka kuliko zamani.

Unga wa bakteria niliutumia kwenye bwawa la kwanza pekee, na la pili nikaliachia hewa tu, ili nisije nikaupa sifa zisizo zake. Matumizi ni rahisi. Bacillus hukaushwa wakiwa katika hali ya mbegu zinazovumilia joto na ukavu, kwa hiyo niliwaloweka katika ndoo ya maji ya bwawa yaliyotiwa molasi kidogo, nikawaacha usiku mmoja na kuwamwaga asubuhi upande wa kulishia. Maji ya bomba yenye klorini hayafai kwa kazi hii. Nilifuata kipimo cha lebo msimu mzima.

Tulipovuna na kutoa maji, nilichomeka mti wenye alama sehemu mbalimbali za mabwawa yote mawili. Tope lilikuwa limepungua kote. Bwawa lililopata bakteria lilikuwa na nafuu kidogo kwenye kona ya kulishia, tofauti isiyozidi unene wa vidole viwili, na kwingineko sikuweza kutofautisha. Hata hiyo nafuu siwezi kuapa kwamba ni ya pakiti, kwa kuwa mabwawa mawili hayafanani kamwe. Claude Boyd, mtaalamu wa maji ya mabwawa wa Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, ameandika kwa miaka mingi kwamba faida ya bidhaa hizi katika mabwawa ya udongo haijathibitishwa vya kutosha, na nilichokiona hakimpingi. Bakteria wa kuozesha tayari wamejaa kwenye kila bwawa. Wanachokosa ni oksijeni, na ukiwapa hewa wanaongezeka wenyewe bila kununuliwa.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sehemu kubwa ya tope la bwawa la udongo si uchafu unaooza bali ni udongo wenyewe, yaani mfinyanzi na mchanga laini ulioletwa na mfereji au kuchimbuliwa na kambale, na hakuna bakteria anayekula mfinyanzi. Niliambiwa kwamba kwa pakiti hizi sitahitaji tena kukausha bwawa. Nimeendelea kulikausha baada ya kila mavuno mpaka udongo upasuke nyufa, hewa iingie ndani, kisha nanyunyiza chokaa ya kilimo, na sehemu ambazo tope ni nene nalitoa kwa koleo na kulipeleka kwenye migomba.

Chokaa nayo inahusika na hewa moja kwa moja. Bakteria wanaosaidiana kugeuza amonia kuwa naitreti isiyo na sumu kali, kama Nitrosomonas wanaofanya hatua ya kwanza, kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia hutumia takribani gramu 4.6 za oksijeni na kumaliza uwezo wa maji kuhimili asidi sawa na gramu 7 za kalisi kaboneti, ambayo ndiyo chokaa ya kilimo. Kwenye maji laini kama yetu, yaani yenye madini machache ya chokaa, pampu bila chokaa ni kazi nusu. Bakteria hao hawatengenezi mbegu kama Bacillus, ndiyo maana naitazama kwa shaka pakiti ya unga mkavu iliyokaa kwenye joto la duka huku ikidai kwamba inao.

Kwa upande wa fedha, pakiti za mwaka mzima zingenigharimu karibu sawa na pampu yenyewe, na pampu inabaki. Mwenye uwezo wa kununua kimoja anunue hewa. Pakiti sasa nazitumia tu katika miezi ya mwisho kabla ya mavuno, chakula kinapokuwa kingi, na bila kutarajia makubwa. Kasoro za pampu ni mbili: sahani za mpira huziba kwa utando na lazima zitolewe na kusuguliwa, nazo za akiba hazipatikani kirahisi mjini, na umeme ukikatika usiku, samaki niliowazidisha idadi kwa kuitegemea pampu wako hatarini kuliko walivyokuwa zamani. Paneli za jua bila betri hazitatui tatizo hilo, kwa sababu hewa inahitajika zaidi gizani. Nimeweka jenereta ndogo, na msimu huu nimepunguza idadi ya vifaranga.