SOUR ya Olivia Rodrigo: isikilize yote, tena kwa mpangilio wake

Kama SOUR, albamu ya mwimbaji wa Marekani Olivia Rodrigo, unaijua kwa nyimbo za "drivers license" na "good 4 u" tu, bado hujaisikia. Ina nyimbo 11 na haifiki dakika 35. Mimi huwa naimaliza ndani ya basi la mwendokasi hapa Dar, Kimara hadi Kivukoni.

Olivia alianzia kuigiza Disney. Albamu hii ilitoka Mei 2021, akiwa na miaka 18, na mwaka uliofuata ikampa Grammy ya albamu bora ya pop. Wengi wakiona mwigizaji kaingia studio wanadhani kaandikiwa kila kitu. Huyu hapana. Nyingi kaandika na prodyuza wake, Dan Nigro, na "enough for you" na "happier" kaandika peke yake.

Uigizaji umemfaa kwenye sauti. Vaa earphone usikilize mwanzo wa "drivers license": gari linawashwa, kile kikengele cha gari kinalia, kisha kinanda kinadaka noti ileile. Anaingia taratibu, kama anaongea na mtu wa karibu, kilio anakibania mpaka pale sauti zinapopandana na kukuzingira. Mpaka leo inanisisimua.

"good 4 u" ni mpasho mtupu. Aliyekulia kwenye taarab ataielewa mara moja: pongezi nje, kijembe ndani, ila hapa wamepiga magitaa ya rock.

Binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alipousikia "jealousy, jealousy" akasema, "Mamdogo, rudisha hapo." Unahusu kuwaangalia wenzako kwenye simu, wazuri, maisha safi, hadi unajichukia. Tuliongea mengi siku hiyo, mambo ambayo huwa hanigusii kabisa.

Kasoro ipo. Baada ya "brutal" kukuamsha kwa kelele, zinafuatana tatu za polepole, na ya mwisho kati ya hizo ningeitoa. Lakini usiruke mbele, kwa sababu albamu nzima ni "mimi, mimi, nimeumizwa", halafu "hope ur ok" inakuja mwisho kabisa na anaanza kuwaulizia wengine, watoto aliowajua ambao hawakupendwa kwao. Ukiusikia peke yake ni wimbo mzuri tu. Ukiufikia baada ya zile 10 unamwona binti amekua.

Wazazi, matusi yamo, kuanzia wimbo wa kwanza. Kwa wadogo tafuteni toleo lililosafishwa, lipo.