Dawa ya ukuta wa mawe ya lava Goma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wenye parseli wanalalamikia kitu kimoja: ukuta wa mawe umepakwa verni (vanishi) mwezi wa saba, ukang'aa vizuri, mvua za mwezi wa kumi zinafika, verni inageuka nyeupe, kisha inabanduka magamba.

Rangi na mng'ao tuviache. La kuuliza ni hili: maji yaliyo ndani ya jiwe yatatokea wapi? Mawe ya volkano ya Nyiragongo yamejaa matundu. Yananyonya mvua kupitia juu ya ukuta na unyevu wa udongo kutoka chini. Jua likiwaka, unyevu huo unatoka nje ukibeba chokaa ya simenti ya viungo, yaani simenti iliyo kati ya jiwe na jiwe. Ukizibwa na ngozi ya verni, chokaa inaganda nyuma yake na kuisukuma. Ndiyo maana verni huanza kuachia kandokando ya viungo, mara chache katikati ya jiwe.

1. Sikagard-703 W ya Sika. Hapa sina haya ya kupendelea. Ni maji meupe kama maziwa yanayoingia ndani ya jiwe, yakikauka hayaonekani. Mvua inateleza nje, mvuke unapita. Haing'arishi, na wengi wanaikataa kwa sababu hiyo tu. Haizibi nyufa, wala haifai penye maji yanayotuama.

Kwanza rekebisha kichwa cha ukuta: kifuniko cha simenti chenye mteremko, kilichotokeza sentimita 4 au 5 kila upande. Bila hicho, dawa yoyote ni hasara. Viungo vipya viache siku 28. Sugua kwa maji na brashi ngumu, acha ukauke. Bandika kipande cha plastiki usiku mzima, pande zote nne zikishikwa na utepe. Ukikuta matone ndani asubuhi, ngoja. Funika vioo, dawa inaviachia madoa. Paka kutoka chini kwenda juu, mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka, jua kali likiwa limepungua.

Kiasi kinategemea jiwe lako, kwa hiyo jaribu lita 1. Ikimezwa na mita za mraba 2.5, ukuta wa mita 20 kwa 2.5 unataka lita 20 kwa mkono mmoja, lita 40 kwa miwili. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kwenda sokoni.

2. Nyundo ya meno, bila dawa. Uso uliochongwa kwa vitobo vidogo unaficha madoa na haubanduki kamwe. Unalipa siku za fundi tu. Kwa ngazi na baraza ndiyo bora, kwa sababu hautelezi hata ukilowa.

3. Mafuta ya kukoleza weusi. Ndani ya nyumba, sawa. Nje weusi unafifia kwa mabaka, upake tena.

4. Verni ya mbao, mafuta machafu ya gari. Hapana.

Jambo jingine: fundi akitaka kuondoa matone ya simenti kwa asidi, mzuie. Lava ya Nyiragongo ina nephelini, madini yanayoyeyuka katika asidi na kuacha utando juu ya jiwe. Tumia patasi na brashi ya chuma.

Sasa wauzaji. Dawa inamiminwa kwenye bidoni ya njano iliyokuwa na mafuta ya kula, bila lebo wala tarehe, halafu unaambiwa "ni ile ile". Si ile ile. Huenda imeongezwa maji, na yenyewe ikiwa nyeupe huwezi kutambua kwa macho. Chukua bidoni yenye muhuri tu, au dai kupaka jiwe moja ulilokuja nalo, urudi kesho ulimwagie maji uone kama yanateleza. Anayekataa jaribio hilo ndiye huyo huyo atakayekurudishia noti yako ya dola kwa sababu imechanika kidogo pembeni, na chenji akupe kwa faranga, kwa kiwango alichojipangia mwenyewe.