Gari la kifahari lililotumika: kabla hujauliza kilomita, chungulia pengo la tairi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu magari haya yanafanana mno, siku hizi naweza kummalizia mtu hadithi kabla hajafika katikati. Kanunua gari kubwa, viti vya ngozi, milango inayojivuta yenyewe, kwa pesa ambayo ingemtosha kigari kipya cha kawaida. Wiki za kwanza ni sifa tupu. Halafu asubuhi moja anatoka nje anakuta gari limepiga magoti kama ngamia anayesubiri kupakiwa: pua chini, tairi la mbele limezama ndani ya madigadi. Anawasha, linajiinua taratibu. Anamshukuru Mungu, anakwenda kazini. Muda si mrefu, analiwasha na halijiinui tena.

Kilomita, mwaka, rangi, ajali, kitabu cha sevisi: hayo unayajua, na usipoyajua shemeji yako atakuambia. Mimi nataka tuongee habari ya hewa.

Magari mengi ya daraja la juu hayakukalia springi za chuma. Yamekalia puto za mpira zinazojazwa na kompresa ndogo ya umeme. Kuna sensa za kupima urefu wa gari, na kompyuta ndiyo inayoamua puto lipi liongezwe na lipi lipunguzwe. Ndiyo maana unapita juu ya shimo ukahisi umepita juu ya godoro. Tatizo ni kwamba mpira huzeeka kwa umri, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Unapata vijiufa pale unapojikunja, sehemu ambayo huioni mpaka gari liwe juu. Hewa inavuja kidogo kidogo. Kompresa iliyotengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi mfupi inaanza kuhangaika bila kupumzika ili kufidia, inapata moto, inaungua. Uliyeanza na puto moja bovu sasa unadaiwa puto na kompresa. Na puto la upande wa pili lina umri uleule, kwa hiyo nalo liko kwenye foleni.

Hapa ndipo bajeti ndogo inapoumia. Bei ya gari imeshuka kila mwaka tangu lilipotoka kiwandani, ila bei ya spea zake haikushuka nalo. Umenunua gari kwa bei ya mtu wa kawaida, unalitengeneza kwa bei ya tajiri wa kwanza aliyelimiliki.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Piga simu kabla, omba gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwenzio ameshaliamsha na kulinyanyua. Ikiwa ya baridi, chuchumaa kila kona, pima kwa vidole kutoka ukingo wa madigadi hadi katikati ya rimu. Kulia na kushoto viwiane. Baadhi ya magari, hasa Range Rover, hujishusha yenyewe kidogo yakiwa yameegeshwa, kwa hiyo kushuka kwa usawa pekee si habari. Kona moja kuzama, hiyo ndiyo habari.

Sasa liwashe, usikilize. Kompresa ina mvumo wake, na inatakiwa inyamaze baada ya muda mfupi. Likiwa na swichi ya urefu, lipandishe, lishushe, mara mbili tatu, huku fundi wako akipaka maji ya sabuni kwenye puto na maungio ya mipira. Povu likitokea, hapo ndipo panapovuja. Kisha lizime, lifungwe, urudi kesho yake upime pengo lilelile. Kuna wauzaji ambao hapo ndipo wanapokumbuka kuwa wana safari.

Usisahau dashibodi. Ukifungua swichi, taa kuu za onyo hutakiwa ziwake kwanza, ndipo zizimike injini ikishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imezimwa na mtu kwa makusudi.

Haya, orodha yangu ya magari ya kununua. Nimeipanga kwa kigezo hichohicho cha hewa, na sifichi kuwa naipenda Lexus.

1. Lexus LS 430 ya springi za chuma

Ilitengenezwa kuanzia 2000 hadi 2006, injini ya V8 ya lita 4.3, na kwangu haina mpinzani. Ndani ni kimya kiasi kwamba unasikia saa ya mkononi, vitufe havichubuki hovyo, na injini ikitunzwa inakuzeesha wewe. Lakini soma vizuri: ya springi za chuma. Zipo LS 430 zilizotoka na hewa kama nyongeza ya gharama, na wauzaji wanazitaja kwa fahari. Ukiona swichi ya kupandisha gari, hiyo ndiyo yenyewe, waachie.

Cha pili kukagua ni mkanda wa taiming, kwa sababu injini hii haina cheni. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo huzungumzii tena matengenezo, unazungumzia injini nyingine. Dai ushahidi kwamba ulibadilishwa, na kwamba pampu ya maji ilibadilishwa pamoja nao, maana inazungushwa na mkanda huohuo na kazi ya kuifikia ni moja. Mafuta inakunywa, sitakudanganya. V8 ni V8.

2. Lexus ES 350

Ya kuanzia 2006. Mifupa yake ni ya Toyota Camry, na wanaojua magari watakucheka kwa hilo. Waache wacheke. Springi za chuma, injini ya V6 ya lita 3.5 yenye cheni, na spea nyingi ambazo fundi wa kawaida amezizoea. Kwenye zile za miaka ya mwanzo, mwambie fundi atazame bomba la oili linalokwenda kwenye mfumo wa valvu: la zamani lilikuwa na kipande cha mpira ambacho kikipasuka kinamwaga oili yote ukiwa barabarani. Lililoboreshwa ni la chuma tupu. Ukiendesha haisisimui, nakubali.

Wanaotaka gari la juu zaidi huniuliza kuhusu Lexus RX na pacha wake, Toyota Harrier. Nzuri, ila za kizazi kilichoanza 2003 baadhi zilitoka na hewa, na wengi hawajui mpaka iwalalie. Chungulia chini kabla ya kulipa.

3. Mercedes-Benz E-Class, umbo la W211, iliyotoka baada ya maboresho ya 2006

Nasisitiza baada ya maboresho. Za kuanzia 2002 zilikuwa na breki za umeme zinazoitwa SBC, ambazo pampu yake inahesabu kila unapokanyaga, na hesabu ikitimia inawasha onyo na kudai pampu nyingine. Kiwanda chenyewe kiliyaita magari hayo kwa marekebisho 2004 na 2005, halafu mwaka 2006 kikauondoa mfumo huo kwenye E-Class. Upande wa hewa, nyingi za injini ndogo zina springi za chuma. Zenye nyuma ndefu ya mizigo zina hewa nyuma, hata kama mbele hazina.

Ikiwa ni V6 ya petroli aina ya M272, pata namba ya injini na uhakikishe kwayo kuwa si ya miaka ya mwanzo kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Za miaka ya mwanzo zilikuwa na gia ndani ya injini, ya shafti ya kusawazisha mtetemo, inayolika meno. Gia yenyewe ni ndogo, ila kuifikia ni kushusha injini nzima.

4. BMW 5, umbo la E60, injini ya silinda sita ya N52

Chuma, si hewa, isipokuwa ya nyuma ndefu. Pampu ya maji ni ya umeme na haikuagi inapokufa, na stiki ya kupimia oili hakuna, unategemea sensa. Tamu kuendesha. Nimeiweka ya nne kwa sababu siwaamini wamiliki wake waliotangulia.

Mwisho kabisa

Mercedes S-Class za W220 na W221, Audi A8 ya kuanzia 2002, Range Rover ya 2001 hadi 2012, Jaguar XJ ya kuanzia 2003. Hizi hewa si nyongeza, ndivyo zilivyozaliwa. Baadhi ya S-Class hazina puto, zina mfumo wa mafuta ya presha badala yake, na huo ni mbaya kwa mfuko kuliko puto. Ukikuta iliyobadilishwa kuwekwa springi za chuma, sikukatazi. Jua tu kwamba ule ulaini uliokuwa unaulipia haupo tena, na ushushiwe bei kwa sababu hiyo.

Bajeti ikiwa chini zaidi: BMW 3 ya E46 (badilisha rejeta na plastiki zote za maji mara moja), Mercedes C-Class ya W203, Volvo S60. Zote zipo za springi za chuma. 

Sasa niseme la moyoni. Wauzaji wamefanya "fulu opsheni" kuwa sifa ya kupandishia bei, wakati kila opsheni kwenye gari la miaka kumi na tano ni kitu kingine cha kuharibika. Wanafuta hitilafu kwenye kompyuta asubuhi ya siku unayokuja. Fundi mwenye mashine ya kupimia atalijua hilo, maana mifumo ya kujipima ya gari itaonyesha haijamaliza kazi, jambo lisilo la kawaida kwa gari linalotembea kila siku. Na lugha zao! Niliwahi kumwonyesha dalali mmoja gari lililoinamia kushoto, akaniambia ni uwanja hauko sawa. Nikamwomba aligeuze. Akaligeuza, likainamia kushoto vilevile. Akaniambia bei haipungui, kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu.