Chai ya mzunguko wa damu: pakiti iliyonipandisha presha na ile niliyobaki nayo

Nianze na miguu, maana ndiyo iliyonipeleka kwenye chai. Kazi yangu ni ya kukaa, saa nane au tisa mbele ya kompyuta, na jioni ikifika miguu inakuwa mizito kama nimebeba maji ndani yake. Vidole vya mikono navyo ni baridi hata mchana. Nilipopima presha ilisoma 132 kwa 84. Daktari akasema huo bado si ugonjwa, kwa sababu wengi huanza kuuita ugonjwa kwenye 140 kwa 90, ila nisijisahau: nitembee, nipunguze chumvi. Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikaenda kununua chai.

Ilikuwa pakiti ya majani yaliyochanganywa, na mbele imeandikwa kwamba inasaidia mzunguko wa damu, inasafisha mishipa na inaupa mwili nguvu. Jina silitaji. Nyuma kulikuwa na orodha kwa maandishi madogo mno: rosela, tangawizi, mdalasini, mchaichai na mzizi wa likorisi. Kila kimoja kiasi gani, hawakusema. Wakati ule sikuona tatizo lolote.

Ladha yake, nikiri, ni nzuri sana. Ukali wa rosela unakuja kwanza, halafu tangawizi inawasha kooni, na mwishoni unabaki utamu wa ajabu ambao huwezi kujua umetoka wapi wakati hujaweka sukari hata chembe. Siku za mwanzo nilikuwa na furaha. Sukari nimeacha bila kujilazimisha, mikono inapata joto, nalala na kikombe kando ya kitanda. Pakiti ilishauri vikombe viwili kwa siku. Mimi nikafika vinne, kwa hesabu ile ile ya kwamba kitu cha asili hakizidi.

Wiki ya tatu pete ikaanza kunibana. Nikivua soksi, alama inabaki kwenye kifundo cha mguu hadi usiku. Nikapima presha: 146 kwa 91. Nikailaumu mashine. Kesho yake nikapima kwa utaratibu niliofundishwa, yaani kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea na mtu. Ikasoma 144 kwa 90. Mashine haikuwa na kosa.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia. Nilikwenda kumwomba ushauri juu ya uvimbe, akaniuliza kama kuna dawa mpya natumia. Nikasema hakuna, ni chai tu. Akasema, "Dada, hebu niione hiyo chai tu." Akageuza pakiti, akaweka kidole kwenye neno likorisi. "Unakunywa vingapi?" Vinne. Akatikisa kichwa.

Alivyonieleza ni hivi. Ule utamu niliokuwa nausifia unatokana na glisirizini iliyomo kwenye mzizi wa likorisi. Ikizidi mwilini inaziyumbisha figo: zinashikilia chumvi na maji, zinaiachia potasiamu iende na mkojo. Maji yakibaki, miguu inavimba na presha inapanda. Potasiamu ikishuka sana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Yaani chai ya kusaidia moyo, kwa mtu wa vikombe vinne kama mimi, ilikuwa inaufanyia kazi kinyume. Wapo watengenezaji wanaoiondoa glisirizini kabla ya kuuza, lakini pakiti yangu haikuwa na maelezo hayo. Nikaacha siku hiyo hiyo. Uvimbe ulipungua ndani ya wiki, ila presha ilichukua karibu wiki tatu kurudi nilipoanzia.

Mtu mwingine angeachana na mitishamba kabisa. Mimi nilirudi na swali moja: katika vile vitu vitano, kipi kina ushahidi? Jibu lilikuwa rosela. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo waligawanywa, wengine wakanywa chai ya rosela vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, wengine kinywaji cha kuigiza. Kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi kwa wanywaji wa rosela, na pointi 1 hivi kwa wale wengine. Si muujiza, na idadi ya watu ni ndogo. Lakini ni kitu kilichopimwa, tofauti na "inasafisha mishipa". (Hilo la kusafisha mishipa lisahauni. Mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa hayasuuzwi kwa chai, chai inapita tumboni kwanza.)

Sasa nachemsha mwenyewe. Rosela kavu, yale maganda mekundu yanayolifunika tunda ua likishadondoka, vijiko viwili vya chai kwa kikombe, maji yaliyochemka, nafunika dakika sita, nachuja. Natia vipande viwili vya tangawizi mbichi. Ukitumia tangawizi kavu punguza, maana ikikauka sehemu ya gingeroli, kemikali inayoipa ukali wake, hugeuka shogaoli ambayo ni kali zaidi. Joto lile la mikono linatokana na hapo. Kwangu linadumu kama nusu saa, kisha vidole vinarudi baridi. Nalipenda, lakini siliiti tiba.

Mdalasini naweka mara moja moja. Ule wa kasia, ambao ndio umejaa sokoni, una kumarini nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye gome, na kumarini ikizidi kila siku inaweza kuudhuru ini. Mdalasini wa Ceylon una kiasi kidogo sana. Kwenye unga huwezi kuvitofautisha kwa macho, kwa hiyo nanunua vijiti: kasia ni gome moja nene lililojikunja, wa Ceylon ni matabaka membamba mengi yanayovunjika kirahisi.

Baada ya wiki sita za vikombe viwili, wastani wa vipimo vya asubuhi ni 126 kwa 81. Nisidanganye: katika wiki hizo, kwa kuona aibu mbele ya mfamasia, nilianza pia kutembea dakika thelathini jioni na kuinuka kitini kila saa. Uzito wa miguu umeondoka, na hilo naipa sifa miguu yenyewe. Misuli ya mashavu ya miguu ikifanya kazi ndiyo inayosukuma damu irudi juu, hakuna jani linaloweza kumfanyia hivyo mtu aliyekaa. Kwenye zile pointi sita za presha, sijui rosela ina ngapi na matembezi yana ngapi.

Kasoro ya rosela ni asidi. Meno yalianza kuhisi baridi, sasa nasukutua maji nikimaliza kunywa na sipigi mswaki papo hapo. Mjamzito aiache. Anayetumia dawa za presha aulize kwanza, isije ikashuka kupita kiasi, na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijiongezee tangawizi nyingi au kitunguu saumu cha dozi bila daktari wake kujua.

Pakiti ya kwanza naipa nyota moja, ya ladha. Ingeandika kiasi cha likorisi na onyo mstari mmoja, ningeipa tatu. Rosela ya kuchemsha mwenyewe ni nyota nne. Ya tano inashikiliwa na meno yangu.