Tiketi mbili "hazijuani": yaliyonikuta kutoka Kigoma kwenda Maskati

Jamani naandika bado nina hasira kwahiyo mtanivumilia. Ni juzi kati hapa. Dada yangu yuko Maskati, Oman, kajifungua, mama akanifungia samaki, migebuka mikavu, dagaa na kidumu cha mawese, mdomo wa kidumu kauzungushia nailoni halafu juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli, kakaza mpaka vidole vikawa vyeupe ili kisivuje njiani.

Ajenti wangu wa tiketi hapa Mwanga, Kigoma, alinipa bei mbili. Tiketi moja Kigoma mpaka Maskati kwenda na kurudi, au nikate vipande, Kigoma Dar shirika moja na Dar Maskati shirika lingine. Tofauti ilikuwa laki tano na ushee. Mimi nauza vitenge sokoni, laki tano ni mtaji, nikamwambia kata vipande. Akakata, akapokea hela, basi. Hakufungua mdomo kusema kitu kingine chochote.

Ndege ya Kigoma ilikuwa iondoke saa nne asubuhi, ya Maskati saa kumi na mbili jioni, nikajua nina muda mpaka wa kula na kuswali. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, tunaambiwa ndege haijatoka Dar, tumeondoka saa nane kasoro halafu ikapitia Tabora kushusha na kupakia, natua Dar saa kumi na nusu imeshapita. Na begi langu lebo yake imeandikwa DAR, maana safari yangu kwao inaishia hapo, kwahiyo nikasimama Terminal 2 naangalia ule mkanda unazunguka mtupu, begi limetoka, nikakimbilia teksi mpaka Terminal 3. Nafika kaunta saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Wanafunga lisaa limoja kabla ya ndege kuondoka. Dakika kumi na mbili!!

Sasa huyu binti wa kaunta ndo kaniharibu roho. Nimemsalimia, hakuitikia, anafuta futa skrini. Nikamwonyesha tiketi ya Kigoma, nikamwambia mdogo wangu sijachelewa mimi, ndege ndo imechelewa. Akasema, "Dada, tiketi zako hazijuani. Kwetu sisi wewe umechelewa tu, kama mtu aliyekwama foleni ya Tazara." Halafu akaangalia begi langu, akaziba pua, akamuuliza mwenzake kwa sauti, "hivi hii inanuka nini?" Mbele ya watu! Chakula alichofunga mama yangu kwa ajili ya mzazi. Nililia pale pale, sioni aibu kusema.

Na sio hapo tu. Kwa vile sikupanda kwenda, na tiketi ya kurudi wakaifuta. Nikarudi kwa hawa wa ndege ya Kigoma, wakasema sisi tumekufikisha Dar kama tiketi inavyosema, na kweli ndivyo inavyosema. Kila mtu ana haki yake, mzigo wote ukabaki kwangu. Tiketi mpya niliyonunua kesho yake ilikula ile laki tano na nyingine juu yake.

Ingekuwa tiketi moja, namba moja ya safari, ndege ya kwanza ikichelewa ni wao wanaotakiwa kukuhamishia ndege inayofuata, na mara nyingi begi unalikutia mwisho wa safari. Ndo maana inakuwa ghali, ndani yake umenunua na ule wajibu. Hili nimeelezwa na mbeba mizigo wa uwanjani, sio ajenti aliyekula kamisheni yangu.

Nilikaa kuandika hapa nikataka niseme msikate vipande kamwe. Ila nikiwa mkweli, laki tano ni laki tano, kuna mwenzangu sokoni anakata hivyo kila mara anapofuata mzigo Dubai na hajawahi kukwama, ila yeye anatangulia Dar siku moja kabla, analala kwa shangazi yake. Ukiwa na pa kulala Dar labda inalipa. Ukiwa huna, gesti na chakula na teksi vinaimega ile tofauti. Hapana, bora nirudie nilivyosema, msikate vipande kama mnaunganisha siku hiyo hiyo, tena kutokea huku kwetu ambako ndege ya asubuhi ikichelewa huna nyingine ya kukimbilia, na treni ndo hiyo ya kulala njiani.

Nauli ya ile tiketi niliyoikosa hairudi, wamesema naweza kudai kodi za uwanja tu. Fomu nimejaza, nasubiri. Ajenti naye kanipigia jana anauliza kama dada wa Maskati atahitaji tiketi ya kuja kumleta mtoto kwa bibi yake. Nimemuuliza swali moja tu, kwanini hukuniambia? Akasema, "hukuuliza, dada."