Deki pana ya trekta kwenye mteremko: usinunue (au nunua, lakini soma kwanza)

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayekutana na maneno makali anivumilie. Nimekaa na hii deki ya tumboni muda wa kutosha kuijua tabia. Ni ile ya kukatia nyasi, inayoning'inia chini ya trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukubwa wake, idadi ya visu na mengine ya karatasini mtayasoma wenyewe. Mimi nina neno na bega la mteremko.

Kiwanja changu juu ni tambarare, kisha ardhi inavunjika na kushuka. Pale inapovunjikia, begani, ndipo deki hii inapogeuka jembe. Magurudumu ya mbele yanavuka na kuanza kushuka, ya nyuma bado yako juu, tumbo la trekta linasogea chini, na deki iko hapo hapo tumboni. Visu vinakwangua nyasi na mizizi yake, unabaki na mstari wa udongo mtupu. Na kadiri deki inavyokuwa pana ndivyo balaa linavyozidi, maana ni ardhi gani ya mlimani iliyonyooka futi 6 bila nundu wala bonde? Ndiyo, ina vigurudumu vya kuzuia kukwangua, lakini vimefungwa kwenye pembe tu. Katikati hakuna hata rola moja. Nundu ikipita katikati, inapokelewa na visu.

Sasa njooni kwa muuzaji. Kabla sijalipa chochote nilimwonyesha picha za mteremko wangu kwenye simu. Nikamwambia, kaka, tazama vizuri, hapa si uwanja wa mpira. Akatazama kwa jicho moja, akasema: "Bosi, pana ndiyo mpango mzima. Unamaliza mapema, unakwenda kupumzika." Hakuuliza mteremko una nyuzi ngapi, wala matairi yangu ni ya aina gani. Vitabu vingi vya mashine za kukata nyasi za kukalia vinaonya usikate palipozidi nyuzi 15, yaani kila mita 10 za kwenda mbele ardhi inapanda karibu mita 2.7. Muuza mashine za nyasi hakosi kulijua hilo.

Basi mkanda unaozungusha visu ukaanza kuchomoka kwenye puli. Mwanzoni niliurudisha mwenyewe nikaendelea na kazi. Ulipofanya mazoea nikapiga simu, nikapewa fundi wao. Nikaeleza taratibu, kwa adabu zote. Jibu lake: "Mzee, mashine haina tatizo. Tatizo ni kilima chako." Na pembeni yake nikasikia mtu anacheka.

Kilima changu! Kilima kilikuwepo kabla kampuni yenu haijazaliwa! Kama mashine haiwezi kilima, si ungeniambia siku ile nilipokuwa nimeshika hela mkononi?

Haya, nishushe pumzi. Haki yake niipe: kwenye tambarare deki hii inakata vizuri mno. Nyasi zinalala sawasawa, hakuna mistari iliyoachwa, na kazi inakwisha haraka kweli. Kwa mwenye ardhi iliyonyooka ningesema nyota nne bila kusita. Hata suala la mkanda, kijana mmoja fundi wa mtaani, asiye na uhusiano nao, alinionyesha sababu kwa dakika chache tu. Nyasi mbichi zilikuwa zimejazana juu ya deki kuzunguka puli, na kila deki inapogonga nundu inapinda kidogo, puli zinatoka kwenye mstari, mkanda unatafuta pa kutokea. Akasafisha, akakaza springi, akaniambia nipandishe deki kabla ya kufika begani. Ikatulia. Yaani maelezo ambayo fundi wao angeweza kunipa kwenye simu badala ya kunitukania ardhi.

Ikatulia, nimesema, lakini kukwangua hakukuisha. Ukipandisha deki, begani panabaki nyasi ndefu, ukishusha, unalima.

Jirani yangu akaniazima mashine yake ya nyundo ya kukatia nyasi, inayofungwa nyuma kwenye mikono mitatu ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini. Ni nyembamba, haizidi upana wa trekta, na nyuma ina rola ndefu inayotembea juu ya ardhi. Panapoinuka inainuka, panaposhuka inashuka, ilimradi mkono wa juu usiukaze mpaka uibane. Ilipita begani bila kuacha kidonda. Haing'arishi kama deki ya visu, ukiinama utaona tofauti, na inalalia nyuma kwa uzito mpaka magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi wakati wa kupanda. Bila vyuma vya uzito puani usijaribu. Lakini kwa ardhi yangu, ndiyo niliyopaswa kuuziwa.

Na kupinduka je? Muuzaji hakutamka hata neno. Trekta ndogo nyingi breki zake zinashika magurudumu ya nyuma peke yake, na ukishuka, uzito unahamia mbele, ya nyuma yanaanza kuteleza. Kama trekta yako ina gia ya kuvuta magurudumu yote manne, iweke kabla ya kuanza kushuka, ili ya mbele nayo yasaidie kuzuia. Panda na kushuka kwa kunyooka, usikatize, kona piga juu kwenye tambarare. Fremu ya nyuma ya kiti isimame, mkanda wa kiti ufungwe. Haya nimeyatoa kwenye kitabu, usiku, peke yangu.

Nyota ngapi? Nilianza na moja. Nikiikumbuka kazi yake kule juu nasema tatu. Nikikumbuka kile kicheko narudi moja, na hiyo moja ni ya kijana wa mtaani, si yao.

Wiki hizi nimewaomba wanibadilishie, waichukue hii wanipe nyembamba yenye rola, tofauti ya bei nitaongeza. Wamejibu kwamba wanapokea mashine ambayo rangi ya chini ya deki haijachubuka. Rangi ya chini! Pale visu vinapozunguka na mawe yanapogonga! Nimewauliza wao walitegemea niikatie nyasi nikiwa nimeigeuza juu chini? Mpaka sasa ujumbe umesomwa, jibu hakuna.