Uvae Nini Mezani Jioni Kwenye Meli ya Kitalii? Nimepima Shati, Kadeti, Kaftani, Viatu na Koti

Haya wapenzi watazamaji, karibuni. Leo meza yangu imejaa nguo, na zote nazipima kwa kazi moja: chakula cha jioni kwenye meli ya kitalii ya hadhi, ile isiyomlazimisha mtu kuvaa suti. Ndugu zangu mlioko Ulaya, Marekani na Ghuba mmeniuliza sana jambo hili. Wengine mnawapeleka wazazi kutembea, wengine ni fungate, na karatasi ya kampuni inasema tu mje mmevaa nadhifu. Sasa unadhifu wa nani? Wa harusini, wa ofisini, au wa Jumapili?

Tuelewane kwanza ni meli zipi. Sizungumzii Cunard, ambako ndani ya Queen Mary 2 bado kuna usiku wa gala na wanaume wanatoka na suti nyeusi na tai ya kipepeo. Nazungumzia meli ndogo na za kati, kama za Viking, Oceania na Azamara. Huko usiku wa suti haupo. Mfano mzuri ni Viking, ambao meli yao ya kwanza ya baharini, Viking Star, ilianza kazi mwaka 2015 na inabeba abiria 930. Utaratibu wao wa jioni, kuanzia saa 12, ni huu: mwanamke gauni, au sketi au suruali ya heshima na blauzi, mwanaume suruali ndefu na shati lenye kola. Koti na tai ni hiari yako. Jinzi haiingii kwenye migahawa yao jioni, ila kwenye ule wa kujihudumia, World Café. Kampuni nyingine hulegeza zaidi au hukaza kidogo, na taratibu hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma karatasi ya safari yako, usitegemee ya jirani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Nguo ya bei kubwa haihitajiki huko. Kinachohitajika ni kitambaa kinachotoka kwenye begi kikiwa kimenyooka, na kiatu kinachoshika sakafu. Ukivipata hivyo viwili, hakuna atakayekutazama mara mbili mlangoni.

Kwa nini nasisitiza kunyooka? Kwa sababu pasi ya kwako huingii nayo chumbani. Karibu meli zote zinazuia pasi na zile mashine ndogo za mvuke kwa kuogopa moto. Mizigo ikipitishwa kwenye mashine ya ukaguzi zinatolewa, unarudishiwa safari ikiisha. Viking wana vyumba vya kufulia vya bure, na pasi zimo humo humo. Kwingine kusiko na vyumba hivyo unatoa nguo kwa wahudumu na kulipia kila kipande, na si bei ya dobi wa mtaani kwako. Kwa hiyo mimi nguo nazihukumu zikiwa zimetoka kwenye begi. Zilivyopendeza dukani si hoja.

Tuanze na mashati. Hili la kwanza ni kitani tupu, rangi ya maziwa. Sogeeni karibu na kamera. Nalikamata hapa kwenye mkono, nalifumbata kwenye kiganja, nabana, naachia. Mnaona? Mikunjo imesimama kama mishipa ya jani. Nyuzi za kitani ni ngumu, hazirudi zenyewe zilipokuwa, na hiyo ndiyo tabia yake hata ulinunue kwa bei gani. Nalipenda kitani, mwili unapumua, jasho linakauka haraka. Mchana mkishuka bandarini hakuna shati linalolishinda. Lakini ukikaa nalo kwenye basi la matembezi halafu uende nalo mezani, viwiko na mgongo vinatangaza siku yako yote. Kwa chakula cha jioni nalipa alama za katikati, na hapo nimelihurumia.

La pili ni mchanganyiko wa kitani na pamba. Lebo ya ndani, hapa ubavuni, inasema kitani asilimia 55, pamba asilimia 45. Huu ni mchanganyiko wa kawaida, mtaupata maduka mengi. Nalifumbata vilevile, naachia. Mikunjo ipo, ila imelala. Nikilinyunyizia maji kidogo na kulitundika kwenye hanga bafuni wakati naoga maji ya moto, baada ya muda linavalika. Hili ndilo ningewashauri kaka zangu wengi walinunue, mawili: moja jeupe, moja la buluu iliyoiva.

Shati la poliesta tupu nimelileta kwa sababu wauzaji wanalisifia kuwa halijikunji. Ni kweli halijikunji. Linang'aa chini ya taa, linashika jasho, na harufu ya jana haitoki kwa kulianika tu. Liacheni.

Sasa hili ndilo nililokuwa na hamu nalo. Shati la kitenge, limeshonwa na fundi, kola imesimama. Watu wananiuliza, kitenge kinaingia kwenye ukumbi wa namna ile? Kinaingia, tena kwa heshima zote, mradi kimeshonwa shati kweli, lisiwe lile la kutupia ufukweni. Nitawaonyesha tofauti. Tazameni kola: ndani fundi ameweka kitambaa kigumu, nikiibonyeza inarudi. Tazameni mfuko wa kifuani: ua la kitenge limeunganishwa na ua la mwilini, mpaka uukaribie ndipo unaona kuna mfuko. Vifungo ni vidogo, rangi moja na kitambaa. Shati kama hili juu ya kadeti ya buluu iliyoiva, ukaingia ukumbini, wewe ndiye umevaa.

Mambo ya kuangalia ni mawili. Mwambieni fundi alowanishe kitambaa kabla ya kukata, kwa sababu pamba hii hurudi, na shati la leo likifuliwa melini linaweza kukubana kifuani kesho. La pili ni rangi. Chukua kitambaa cheupe kibichi, sugua upande wa ndani kwa nguvu. Kikitoka na rangi, kitenge hicho kifueni peke yake, mrudie mpaka kitambaa kitoke safi. Viti vya kumbi nyingi zile ni vya rangi nyepesi, na hutaki kuinuka mezani ukiwa umewaachia ramani.

Suruali nazipitia haraka. Kadeti ya pamba yenye mchanganyiko kidogo wa nyuzi za kuvutika, rangi ya buluu iliyoiva au kijivu, inatosha. Mbili. Ya rangi ya udongo mwepesi inapendeza mchana ila tone moja la mchuzi linaimaliza. Pensi, hata iwe ya bei gani, ni ya mchana.

Dada zangu na mama zangu, tuje kwetu. Hapa nina dera na kaftani, na naomba tuzitenganishe. Dera hili, la kawaida, lile jepesi la maua, nalipenda nyumbani na nalipenda kwenye kibaraza cha chumba chako melini asubuhi na chai. Mezani jioni halifai, kwa sababu kitambaa kinaonyesha mwili taa ikiwa nyuma yako, na shumizi haitoshi kuliokoa. Kaftani ni jambo lingine. Hii ni ya kitambaa kizito kinachoteleza kama hariri, rangi ya kijani kibichi cha chupa, darizi ipo shingoni na kwenye vikono tu. Nimeikunja kwa kuiviringisha kama mkeka, nikaiweka chini ya begi usiku mzima, na hivi ndivyo ilivyotoka. Hakuna mkunjo wa maana. Ukibadilisha mtandio na hereni, hakuna atakayejua ni ile ile ya juzi.

Kasoro yake moja ni urefu. Kaftani za dukani nyingi zinaburura. Melini kuna ngazi, kuna vizingiti vya milango ya kutokea nje ambavyo vimeinuliwa makusudi kuzuia maji, na meli yenyewe inacheza. Mpelekee fundi akate mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu, ukiwa umevaa kiatu utakachovaa huko. Akikata ukiwa peku, hesabu itakataa.

Wanaovaa hijabu nawajibu moja kwa moja, maana swali hili linakuja kila mara. Abaya nyeusi yenye nakshi mikononi ni vazi kamili la jioni pale, huhitaji kuongeza kitu. Gauni la kitenge la mikono mirefu lililokaa vizuri mabegani pia. Na kanzu? Karatasi nyingi zinataja suruali na kola, kwa hiyo mwandikie wakala wako kabla ya safari, upate jibu la maandishi, uwe na amani. Kwa macho yangu, mzee aliyevaa kanzu nyeupe ya darizi na koti juu yake, baraghashia kichwani, amevaa rasmi kuliko nusu ya ukumbi.

Mtandio msiuache. Kiyoyozi cha kumbi za chakula ni kikali, na anayekaa chini ya tundu lake hafiki kwenye kitindamlo bila kutetemeka. Halafu meli hizi nyingi zina meza za nje upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, na ndiyo sehemu tamu ya kula jua likizama. Meli ikiongeza mwendo, upepo wa huko si wa mchezo. Huu ni wa sufu laini, mwembamba, unapita ndani ya pete. Nimeupima na ule wa nailoni: wa nailoni unateleza begani kila ukiinua uma, utakula kwa mkono mmoja. Sufu inakaa. Kina kaka, anayekaa nje naye achukue sweta jembamba.

Viatu. Hapa ndipo nawaona watu wakiumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mchuchumio wa kisigino chembamba uacheni nyumbani. Sitaha za nje za mbao zina mifereji kati ya ubao na ubao, na kisigino hicho kinatafuta mfereji kama kimetumwa. Ndani kuna zulia nene, na bahari ikiwa na mawimbi kifundo cha mguu hakina pa kushika. Chukua kisigino kipana cha sentimita nne au tano, au kiatu bapa chenye mkanda wa kukifunga. Hiki hapa, geuza nyayo: mpira, una michoro, ukiburuza kwenye kigae chenye maji kinagoma. Hiki cha pili kinafanana nacho juu, ila nyayo ni ngozi laini, kinateleza. Bei zake zinakaribiana. Geuzeni nyayo kabla ya kulipa, jamani.

Kwa wanaume, moka ya ngozi ya kahawia iliyoiva, nyayo za mpira, jozi moja, inakwenda na kila kitu nilichoonyesha. Raba za michezo na ndala zisionekane jioni kwenye migahawa ya kukaa na kuhudumiwa. Ukiwa umechoka kweli, umetoka matembezi na miguu imevimba, nenda kwenye ule wa kujihudumia au agiza chakula chumbani. Hakuna aibu ndani yake, na chakula ni kizuri vilevile.

Jambo la mizigo. Tiketi nyingi za ndege za daraja la kawaida zikikupa begi la chini huwa ni kilo 23, na nguo za jioni zisile begi lote. Kwa safari ya wiki moja mwanaume ana mashati mawili ya mchanganyiko, la kitenge, kadeti mbili, moka. Mwanamke ana kaftani, gauni moja la kitenge, suruali nyeusi inayoanguka vizuri na blauzi mbili, mtandio, viatu vya kisigino kipana. Zote hizi ukiziviringisha zinakaa kwenye nusu ya begi la kati. Na kwa wale ambao meli yao inapita kwetu wakati wa kaskazi, ikitia nanga Unguja au Mombasa, acheni nafasi. Unguja mnashukia bandari ya Malindi, soko la Darajani ni mwendo mfupi wa miguu, na kitambaa cha gauni la jioni inayofuata mtakipata pale. Mkishuka tu, mabega na magoti yafunikwe, mji ule una heshima zake.

Namalizia na koti, kwa sababu halilazimishwi na bado nalipendekeza. Hili halina bitana. Nawageuzia ndani muone: mishono imefungwa kwa utepe, hakuna kitambaa cha pili, hakuna pamba mabegani. Ni sufu nyembamba, buluu iliyoiva. Unalivaa kwenye ndege, kwa hiyo begi halilijui. Linafunika shati lililojikunja, linazuia baridi ya kiyoyozi, na mfukoni linabeba miwani na kadi ya chumba. Lile la pamba nililoweka pembeni ni rahisi zaidi, lakini viwiko vyake vikishajikunja havirudi mpaka upate pasi, na pasi tumeshaizungumza. Kama fedha ni ya koti moja tu, nunua la sufu, hata la mtumba, ulipeleke kwa fundi alibane kiunoni.

Vipimo vya kaftani na urefu niliomwambia fundi akate nimevibandika chini ya video. Wenye safari ya karibu, niandikieni jina la meli na mwezi mnaosafiri, nitawajibu nguo kwa nguo.